Kibali cha vyura 499

Barabara ya Ifakara kwenda Mlimba inapita Idete, Mbingu na Mngeta kabla ya kufika Chita. Kulia ni milima ya Udzungwa, kushoto ni mpunga mpaka macho yachoke. Wakati wa masika msafiri hatazami kimoja wala kingine. Anatazama tope na kuomba gari lisizame. Lakini barabara hii moja imepitiwa na mambo mawili yanayoweza kuinyima usingizi kamati yoyote ya maadili ya utafiti, na yote mawili yanahusu wanyama. Moja liko Idete na karibu limesahaulika. La pili liko milimani juu ya Chita, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Kilomita chache kutoka Chita, Mto Kihansi unashuka kutoka nyanda za juu kuja kumwaga maji yake Kilombero. Unaporomoka zaidi ya mita 800 ndani ya korongo jembamba. Miaka ya 1990 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia na za nchi za Ulaya zikiwamo Norway na Sweden, ilijenga bwawa juu ya korongo hilo na kituo cha umeme cha megawati 180 chini yake. Ujenzi ulikuwa umeshaanza pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Kim Howell, walipokutana mwaka 1996 na chura ambaye sayansi haikuwa na jina lake. Ana rangi ya dhahabu. Dume hafiki sentimita 2, jike hafiki 3. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea mashambani; anazaa watoto waliokwisha kukamilika, wadogo kiasi kwamba usipokuwa makini utawadhania wadudu. Na katika dunia nzima aliishi mahali pamoja tu: kwenye majani yaliyolowa manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, eneo la hekta mbili hivi. Viwanja vitatu vya mpira vingelifunika lote.

Mitambo ilipowashwa, mwishoni mwa 1999 na kuingia 2000, zaidi ya asilimia 90 ya maji ya korongo yaliingizwa kwenye handaki yakazungushe mashine. Nchi ilikuwa na kiu ya umeme, na umeme ukapatikana. Manyunyu yakakatika.

Sasa keti kwenye kiti cha mjumbe wa kamati. Mezani kuna wazo la kukamata vyura wapatao mia tano, kuwapandisha ndege hadi New York na kuwafuga katika bustani ya wanyama ya Bronx. Hakuna mtu aliyewahi kumfuga chura huyu. Chakula chake kamili hakijulikani, magonjwa yake hayajulikani, unyevu na mwanga anaouhitaji ni wa kukisia. Ukikataa, huenda wote wakakaukia korongoni. Ukikubali, huenda hao mia tano wakafia nyuma ya vioo ughaibuni, nawe utakuwa umewapunguza waliobaki kwao. Hakuna jibu lenye mikono safi hapo. Novemba 2000 vyura 499 walikamatwa wakapelekwa Marekani.

Kwa sheria, chura yule alipita katikati ya nchi mbili bila kuguswa na yeyote. Hapa kwetu utafiti wa wanyamapori ulikuwa na njia zake za vibali, kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI. Vibali hivyo viliuliza nani anaingia, anachukua nini na anapeleka wapi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, inayouliza mnyama mwenyewe anatendewaje, ilikuja mwaka 2008. Kule alikokwenda sheria ilikuwapo tangu 1966, ila inawahusu wanyama wenye damu moto. Chura ana damu baridi. Kwa mtazamo wa sheria hiyo kuu ya Marekani, mgeni wetu hakuwa mnyama. Bustani zenye heshima zina taratibu zao za ndani, na naamini watunzaji wa Bronx walihangaika naye kwa moyo. Lakini utaratibu wa ndani ni hisani, na hisani haina pa kukatia rufaa.

Kilichofuata hakifurahishi. Vyura waligawanywa katika bustani kadhaa. Minyoo ya mapafu iliwamaliza wengine, maambukizi yakawachukua wengine, na lishe isiyotosha ikamaliza kazi. Watoto walizaliwa, nao wakafa. Kufikia mwisho wa 2004 waliosalia, Bronx na katika bustani ya Toledo jimboni Ohio, hawakufika mia.

Wanaofundisha maadili ya utafiti kwa wanyama huanza na kanuni tatu za Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, zilizochapishwa mwaka 1959. Ukiweza, usitumie mnyama kabisa. Ukilazimika, tumia wachache. Na hao wachache wapunguzie maumivu kadiri ya uwezo wako. Ni kanuni nzuri na nimezitetea mara nyingi, hata mbele ya watu wanaoona ni anasa za wazungu. Lakini zipeleke Kihansi uone. Mjumbe mwangalifu angesema kwamba vyura 499 ni wengi mno kwa jambo ambalo hakuna aliyelijaribu. Anzeni na 50, mkifaulu mrudi. Hoja hiyo ingepita bila ubishi, na katibu angeiandika kwa mwandiko mzuri. Sasa piga hesabu. Ikiwa katika 499 hawakusalia hata mia, katika 50 wangesalia kumi au pungufu, wenye damu ya karibu mno, pengine wote madume. Kanuni ya wachache ingekuwa imetimizwa, na chura angekuwa amekwisha.

Kanuni ile ilitungwa kwa ajili ya panya wa maabara, ambaye akifa leo kesho analetwa mwenzake. Mnyama akiwa wa mwisho wa aina yake, "wachache" hugeuka kuwa swali la ufundi: ni wangapi wanatosha kubeba vifo tunavyovitarajia? Mjumbe asiyejua kuuliza hivyo ataokoa wanyama 449 siku ya kikao na kuwapoteza wote baada ya miaka minne.

Hata hivyo siungani na wanaosema kwamba matokeo yameshajibu, kwa kuwa leo vyura wapo. Mtunzaji aliyekuwa akihesabu mizoga mwaka 2002 hakuwa na matokeo ya kujifariji nayo. Angeambiwa wakati ule kwamba kazi imeshindikana, angeamini. Uamuzi wa 2000 unapaswa kupimwa kwa kilichojulikana 2000, na kwa kipimo hicho mimi ningeunga mkono. Ila ningeweka sharti moja ambalo maombi mengi hayana: nani atasema "basi", na akiona nini? Vifo vikifika wangapi katika mwezi, vyura wanahamishiwa kwa mtunzaji mwingine? Daktari gani wa mifugo ana mamlaka ya kusimamisha kuzalisha hadi ugonjwa ueleweke? Kibali kisicho na mstari huo kinamwacha mtu wa zamu peke yake na mizoga yake.

Wakati hayo yakitokea Marekani, huku nyumbani mambo yalionekana kunyooka. Mradi wa mazingira wa Kihansi ya chini uliweka vinyunyizio korongoni, mabomba yanayotoa ukungu mfano wa ule wa maporomoko. Majani yakarudi kijani, vyura wakaongezeka. Hesabu ya Juni 2003 ilikisia vyura wapatao 20,000. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameporomoka, na Januari 2004 watafiti waliopekua korongo waliona watatu tu, na kusikia madume wawili wakilia. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtangaza kuwa ametoweka porini. Kwa hiyo wale wasiofika mia waliokuwa wakifa mmoja mmoja Bronx na Toledo ndio walikuwa vyura wote wa Kihansi waliosalia duniani.

Wapo waliolaumu maji machafu yaliyofunguliwa kutoka bwawani kuondoa tope, yakiwa na sumu za mashamba ya juu. Wapo waliolaumu vinyunyizio. Lakini ushahidi mzito uliangukia kuvu liitwalo kitridi, linaloshambulia ngozi ya chura, na chura hunywa na kwa sehemu kubwa hupumua kwa ngozi hiyo hiyo. Kuvu hili limeangamiza vyura Australia na Amerika ya Kati, na wanasayansi walilipa jina mwaka 1999 tu. Lilivyoingia korongoni halikuthibitishwa. Mashaka, hata hivyo, yaliangukia pia buti: za mafundi wa vinyunyizio, za wapimaji wa maji, za wahesabu vyura. Hekta mbili za majani laini zilikuwa zikikanyagwa na watu waliokuja kuyaokoa.

Hapo ndipo fomu zetu za maadili zina upofu mkubwa kuliko pengine pote. Zinauliza mnyama atakamatwa vipi, atachomwa sindano gani, atauawa kwa njia gani. Mtafiti anayesema "nitatazama na kuhesabu tu" hupitishwa upesi, mara nyingi bila hata kuitwa. Baada ya Kihansi, kutazama hakupaswi kupita bure. Buti zimetoka wapi jana? Zimeoshwa kwa dawa gani? Je, watu watano wanaweza kuwa wawili, na ziara za kila wiki zikawa za kila mwezi? Maswali haya hayahitaji shahada. Bwana mifugo yeyote wa bonde la Kilombero, ambaye ameshaona kideri kikihama kutoka banda hadi banda kwa viatu vya wageni, angeyauliza kabla ya profesa hajamaliza kufungua faili.

Agosti 2010 vyura 100 walirudi kwa ndege kutoka Bronx na Toledo, wakapokelewa katika maabara maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Toledo walikuwa hatimaye wamepata siri ya kumfuga, na idadi ya kule ilikuwa imefika elfu kadhaa. Magazeti yalishangilia, kwa haki kabisa. Lakini uamuzi mgumu kuliko wote ulikuwa bado haujafanyika: kumrudisha mnyama mahali palipomuua, bila uhakika kama muuaji ameondoka.

Njia ya kujua ni moja, nayo haipendezi. Unamweka chura kwenye udongo wa korongo na unangoja. Ndivyo ilivyofanyika. Vyura waliwekwa na udongo na majani yaliyochukuliwa Kihansi, wengine wakachanganywa na vyura wa aina nyingine waliokamatwa huko huko, waliokuwa wameishi na ugonjwa ule miaka yote. Mwaka 2012 kikundi cha majaribio cha vyura 48 kikapelekwa korongoni, na mwisho wa mwaka huo wakafuatia takriban 2,000.

Nimewahi kusikia wataalamu wakilijadili jaribio hilo, na karibu wote walimjadili chura wa dhahabu. Wale vyura wengine, wasio na sifa, waliotolewa kwao ili wawe kipimo, hawakupata hata dakika. Labda hakuna ubaya. Aina zao zina wenzao wengi na hazikuwa hatarini. Lakini tuseme wazi kinachofanyika: tunakubali kwamba mnyama wa kawaida abebe hatari kwa ajili ya mnyama adimu. Mimi nakubali hivyo kwa Kihansi. Sikubali kwamba ni jambo la kupita bila kuandikwa, kwa sababu maumivu ya chura mmoja hayapungui kwa kuwa ana ndugu wengi. Uadimu ni thamani ya aina nzima. Maumivu ni ya mmoja mmoja. Kamati inayochanganya vitu hivyo viwili itajikuta siku moja inamruhusu mtu kumtesa panya kwa sababu tu panya ni wengi.

Na tusijidanganye kuhusu huruma. Panya buku waliofundishwa Morogoro, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu ya kutegwa ardhini wamependwa dunia nzima. Mmoja wao, Magawa, alivishwa medali ya dhahabu ya shirika moja la Uingereza mwaka 2020. Panya buku ana masharubu, ana macho, anashika ndizi kwa mikono. Chura hana cha kumbembelezea mjumbe wa kamati. Ndiyo maana hapaswi kutegemea kubembeleza.

Turudi nyuma barabarani, Idete. Mwaka 1993 watoto wa kijiji hicho na jirani zake waliingizwa kwenye jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, likiongozwa kutoka Ifakara na watafiti wa hapa, wa Hispania na wa Uswisi. Watoto 586, wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Matokeo yaliyotoka 1994 katika jarida la Lancet yalionyesha kinga ya asilimia 31 dhidi ya malaria ya kuumwa, na dunia ikaruka kwa furaha. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga hiyo, na jaribio jingine kwa vichanga wa Kilombero halikuona chochote cha kutegemea. Chanjo ikawekwa pembeni. Maadili ya jaribio lile kwa upande wa watoto yamejadiliwa sana, na Ifakara ilijifunza mengi yaliyoifaa baadaye katika chanjo nyingine.

Ila kabla ya mtoto wa Idete kulikuwa na tumbili wa Amazon. Manuel Patarroyo, mwanasayansi wa Kolombia aliyetengeneza SPf66, aliijaribu kwanza kwa tumbili wa usiku, wadogo, wenye macho makubwa, ambao ni miongoni mwa wanyama wachache wanaopata malaria ya binadamu. Walikamatwa msituni kwa miaka mingi. Mtafiti mwenzake wa nchi hiyo, Ángela Maldonado, alikusanya ushahidi kwamba wanyama walikuwa wakitoka pia Peru na Brazil kinyume cha sheria, akaenda mahakamani. Mwaka 2012 mahakama ilifuta kibali cha kuwakamata. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya mambo ya utawala ikakubaliana na uamuzi huo; Januari 2015 mahakama hiyo hiyo, ikikaa kikao kamili, ikaubatilisha. Taasisi ile ile, majibu mawili tofauti. Anayedhani mambo haya yana jibu moja lililofichwa mahali, likingoja mtu mwerevu wa kulitafuta, akasome hukumu hizo.

Kinachonigusa ni umbali. Azimio la Helsinki linadai utafiti kwa binadamu utanguliwe na ushahidi, ukiwamo wa wanyama pale unapohitajika, na linadai pia wanyama hao watunzwe kwa utu. Nusu ya kwanza kila kamati inaisimamia. Nusu ya pili huachwa kwa nchi nyingine. Kamati inayopitia chanjo kwa ajili ya watoto hukabidhiwa matokeo ya wanyama kama jambo lililokwisha, jedwali kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Haiwezi kuwafufua tumbili, ni kweli. Inaweza kuuliza walitoka wapi na kwa kibali cha nani, na kuandika jibu. Mtafiti akijua swali hilo linamsubiri Tanzania, ataandaa jibu lake akiwa bado Amazon.

Ifakara yenyewe, kwenye taasisi yake ya utafiti wa afya, ina mbu wa kufugwa kwa maelfu, na mbu jike lazima ale damu, ya mtu au ya mnyama. Taasisi iliyoanzia kwenye maabara ya Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950 ina kamati yake ya maadili, na juu yake ipo ya taifa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Wajumbe wa kamati kama hizi wamezoea binadamu: ridhaa, saini, dole gumba la asiyejua kusoma. Mnyama akija mezani wanatafuta ridhaa hawaioni, na hapo baadhi yao husogeza faili haraka ili wafike kwenye mambo wanayoyamudu. Marekani, tangu 1985, iliagiza kila kamati ya wanyama iwe na daktari wa mifugo na mtu mmoja asiyehusiana kabisa na taasisi. Ningeongeza mtu wa tatu, mfugaji au mvuvi wa bondeni, anayejua kuchinja na anayejua pia mnyama anayeteseka anavyoonekana. Na ningetaka kura za waliokataa ziandikwe pamoja na sababu zao. Miaka minne baadaye, vyura wakiwa hawafiki mia, sababu hizo ndizo za kwanza mtu angetaka kuzisoma.

Kuna jambo moja Kihansi ambalo kamati ya maadili haijawahi kuwa na neno nalo, nalo ni maji. Kabla ya bwawa mto ulipitisha wastani wa mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde. Kinachoachwa kipite korongoni sasa ni kati ya moja na nusu na mbili, na vinyunyizio navyo vinakula humo humo. Kila lita inayoteremka kwa vyura haizungushi mtambo, na miaka ya ukame, mgawo wa umeme ukiingia mijini, si vigumu kukisia macho yanaelekezwa kwenye lango gani. Mtafiti anayetaka kumpangusa chura mmoja kwa pamba ili apime kuvu anajaza fomu na kungoja kikao. Maji ya vyura wote yakibishaniwa, wanaobishana ni shirika la umeme, TANESCO, na bodi ya maji ya bonde la Rufiji, na hakuna fomu inayopita kwa wajumbe wa maadili.